Mbwa Aliyekataa Nyama

Biryogo, Kigali
18 Septemba 1994

Mdogo wangu Twahiru,

Assalam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto wote hapo Mwanza. Mimi sijambo, ni mguu tu unaonisumbua nikikanyaga cherehani kwa muda mrefu, na mwaka huu maumivu ya mguu nayahesabu kuwa afya. Barua yako ya mwezi wa nane ilinifikia ikiwa imekunjwa ndani ya soksi ya dereva wa lori, na ilinuka hivyo hivyo. Niliisoma, nikalia, nikaisoma tena.

Hapa tunaishi. Watu wanarudi kutoka Uganda na Burundi na huko kwenu, wanatafuta nyumba, wanataka mapazia. Wateja wangu wa sasa ni watu nisiowajua. Wale wa zamani usiniulize.

Leo nakuandikia kwa jambo litakalokuchekesha. Nakuhitaji kama daktari wa mifugo, kwa ajili ya mbwa. Ndiyo, mimi. Cheka kwanza umalize, halafu uendelee kusoma.

Unamkumbuka Mwalimu Athanasie, jirani yangu wa ukuta mmoja, aliyekufundisha Kifaransa ukimlipa kwa kumchotea maji. Nilikuandikia kwamba yu hai, na kwamba tangu mwezi wa nne nilimficha juu ya dari yangu. Sikukuandikia habari za mbwa. Libère, mwanawe wa mwisho, alikuwa na mbwa wa rangi ya udongo, jina lake Kado. Libère aliuawa siku za mwanzo kabisa, kwenye bariyeri ya chini, kile kizuizi cha wauaji, na mwili wake hatujauona mpaka leo. Mbwa akabaki. Akanusa kwamba mama wa bwana wake yuko kwangu, akaja kulala mlangoni pangu. Mtaa mzima ulijua ni mbwa wa nani. Wale wauaji wangepita, wangejiuliza analinda nini pale. Basi nikamvuta kwa kamba mpaka stoo ya nyuma, ile ambayo marehemu shemeji yako alikuwa akitupia mabaki ya vitambaa, nikamfungia humo. Nikawa namlisha humo wakati wote ule, wala Athanasie sikumwambia.

Mwezi wa sita bomu likaangukia paa la jirani. Tukakimbilia kwa binamu yetu kule bondeni Kimisagara, Athanasie akiwa ndani ya buibui langu, na mbwa nikamwacha stooni. Tuliporudi bunduki zilikuwa zimenyamaza. Waporaji walikuwa wameng'oa mlango wa stoo, na mbwa amelala uani. Nikamwekea nyama kwenye sahani ya bati. Akainusa, akageuza kichwa. Athanasie alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema taratibu, "Hii mbwa imeshiba. Imeshiba nini?"

Twahiru, hukuwepo, lakini umesikia mbwa wa Kigali walikuwa wakila nini siku zile, maiti zikiwa zimezagaa njiani. Wanajeshi wamewapiga risasi karibu wote, na watu walishukuru. Tangu siku ile Athanasie hamtazami Kado. Anaishi kwangu, chumba cha mbele, na akipita uani hugeuzia uso ukutani. Lakini kila nikisema nimkabidhi kwa wanajeshi, ananiambia, "Buretse, ngoja kidogo." Nyumba yao waporaji waliibeba mpaka fremu za madirisha. Hana picha ya mwanawe, hana kiatu chake, ana mbwa huyu tu, na mbwa huyu hawezi kumgusa.

Sasa mbwa anaumwa. Anatapika, anakonda, mbavu zinahesabika. Majirani wanasema ni laana ya alichokula. Nataka uniambie dawa ya kumpa. Halafu uniambie kama daktari ana njia ya kujua mbwa alikula nini. Hilo la pili ndilo linalonikosesha usingizi. Athanasie akijua kwamba hakula, atamgusa. Akijua kwamba alikula, tutamtoa mbwa na tutalia mara moja. Huku kutojua ndiko kunakommaliza.

Nisalimie wote.

Dada yako,
Nyirarukundo


Mwanza
3 Oktoba 1994

Dada yangu mpendwa,

Wa alaikum salaam. Sisi huku wazima, mtoto wa tatu tu ana kikohozi, na wifi yako anakusalimia na anasema mguu huo uukande kwa maji ya chumvi. Pole kwa yote. Kila nikiandika neno hili naliona dogo, lakini sina jingine.

Nimecheka, umeniruhusu. Wewe uliyekuwa ukipanda juu ya meza mbwa wa yule Mgiriki mwenye duka akipita barabarani! Basi nisikilize sasa, kwa sababu huyo mgonjwa wako hawezi kusema, itabidi wewe umsemee.

Usimpe dawa yoyote kabla hatujajua. Hasa usimnyweshe chumvi wala mafuta ili atapike, maana kama kuna kitu kimekwama, unaweza kumwua. Niandikie: anatapika mara tu baada ya kula, au baadaye sana? Anatapika chakula kizima au povu la njano? Anapata choo? Akila, anakula kwa hamu halafu anaacha ghafla, au hataki kabisa? Fungua mdomo wake utazame fizi, kisha inua ulimi utazame chini yake. Wewe ni fundi wa kushona na mbwa alikaa kwenye stoo ya fundi wa kushona, na uzi ukinasa chini ya ulimi huwa mwisho wake mwingine uko tumboni. Ukiuona usiuvute. Nasema tena, usiuvute, utamkata utumbo kama msumeno. Mwisho umbonyeze tumbo taratibu, nyuma ya mbavu za kushoto, uniambie mkono umehisi nini. Na uniambie ulikuwa ukimlisha nini, na kwa namna gani.

Najua unasoma haya umekunja uso. Mate ya mbwa ni najisi, sawa, na najisi huoshwa. Sijasikia popote kwamba mgonjwa asiguswe.

Kuhusu swali lako la pili, sitakudanganya. Nyama, ya mnyama au ya nani, hukaa tumboni mwa mbwa saa chache, halafu imekwisha, haiachi alama. Kinachobaki ni kile ambacho tumbo halikiwezi. Nimewahi kutoa gunzi la mahindi, kokwa la parachichi, kipande cha kandambili. Hivyo hukaa hata miezi. Tumbo litatuambia lilishindwa nini, lakini halitatuambia kila kilichopita humo. Mwalimu Athanasie mwambie au usimwambie, wewe ndiwe unayemwona.

Mdogo wako,
Twahiru


Biryogo
14 Oktoba 1994

Mdogo wangu daktari,

Assalam alaikum. Kikohozi cha mtoto kimepoa? Mpeni asali. Mimi mguu nimeukanda, mwambie wifi asante.

Nimemgusa. Nilivaa mifuko ya plastiki mikononi, nikafunga na mpira, nikaingia stoo kama mwizi. Nilidhani ataniuma. Akanilalia mguuni. Fizi zake ni nyeupe kama karatasi. Chini ya ulimi hakuna uzi. Tumbo, pale uliposema, si gumu kama jiwe wala si laini. Nilihisi kama nabonyeza mto uliojazwa matambara, na alipiga kelele ndogo, nikaacha. Kisha nikanawa mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Udongo alikuwa ameniletea Athanasie kwenye bakuli, na maji. Alisimama mlangoni kwa nje akanimwagilia mikono bila kuniuliza chochote. Anajua desturi yetu kuliko baadhi ya watoto wetu.

Kutapika: anakula vijiko viwili vitatu kwa hamu, anaacha, anasimama ameinamisha kichwa, na baadaye sana anatoa chakula kile kile hakijasagika. Siku nyingine ni povu la njano tu. Choo ni kidogo na cheusi.

Unauliza nilimlisha vipi. Nitakueleza usinicheke. Sahani ya bati inapiga kelele, na kelele siku zile zilikuwa kifo. Tena sikutaka anilambe, kwa sababu nilikuwa naswali na maji yalikuwa ya kubahatisha, ningepata wapi ya kunawa mara saba? Kwa hiyo nilichukua vipande vya vitambaa mezani pangu, nikaweka humo makombo, ngozi ya mbuzi, mifupa laini, wali wenye mchuzi, nikafunga fundo imara ili visimwagike, nikatupia kwenye kidirisha. Kesho yake tena. Nilikuwa najisifu kwa akili hiyo. Tuliporudi kutoka Kimisagara hatari ilikuwa imekwisha, ndipo nikaanza kutumia sahani.

Sasa nakuomba kitu, na ni dada yako ninayekuomba. Mwandikie Athanasie barua. Weka mhuri wa kazini kwenu. Sema umepima kwa njia yenu ya kidaktari ukakuta mbwa hakugusa mtu. Wewe alikufundisha, atakuamini. Jana nilimkuta amesimama nje ya mlango wa stoo ameshika upande wa kanga yake, hajui aingie au aondoke. Alisimama hivyo mpaka ugali wangu ukaungua. Kosa liko wapi katika barua moja?

Dada yako,
Nyirarukundo


Mwanza
25 Oktoba 1994

Dada mpendwa,

Wa alaikum salaam. Mtoto amepona, asali imefanya kazi. Nimefurahi sana kusikia umemgusa mgonjwa, na zaidi kusikia nani alikumwagilia maji.

Dada, kaa chini. Mbwa hafungui fundo. Mbwa akitupiwa kitu kinachonukia nyama hukimeza kilivyo. Vitambaa vile ulivyomfungia chakula, vilikifuata tumboni vyote. Mbona hukugundua kwamba havibaki sakafuni? Najua, stoo ilijaa mabaki, usingetofautisha. Huo mto wa matambara uliouhisi mkononi ni mto wa matambara kweli. Tumbo limejaa nguo, chakula kinapata upenyo mdogo, vijiko viwili vitatu, kisha kinakwama na kurudi. Ndiyo maana anakonda.

Na sasa rudi siku ile mliporudi kutoka Kimisagara. Mbwa alipewa nyama akageuza kichwa, nanyi mkasema ameshiba. Mbwa mwenye tumbo lililozibwa hufanya vile vile. Ile haikuwa shibe, ulikuwa ugonjwa. Hapo ndipo mlipokosea, na daktari yeyote asiyemgusa angekosea vile vile.

Usijilaumu. Ulimlisha wakati watu hawakulishana. Ila lazima afunguliwe tumbo, na upesi. Huko Kagugu, pembezoni mwa mji, yuko daktari anaitwa Winifred, amekulia Uganda, tulihudhuria pamoja mafunzo ya sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, huko Entebbe. Amerudi na anatibu ng'ombe wa waliorudi. Mkono wake ni mwepesi. Nimemwandikia karatasi, iko ndani ya bahasha hii. Picha ya eksirei usihangaike kuitafuta, kitambaa hakionekani vizuri humo. Jioni ya kabla asile kitu. Maji apewe kidogo kidogo, yenye sukari na chembe ya chumvi.

Barua uliyoniomba sitaiandika. Si kwamba siwaonei huruma. Nikimwandikia mwalimu wangu kwamba nimepima kitu ambacho hakipimiki, siku akijua, na mwalimu hujua, hatamwamini mbwa, wala mimi, wala wewe uliyemficha. Mwache aone kitakachotoka. Siapi kwamba siku zile alizokuwa nje hakula chochote. Nasema tu kwamba sababu iliyowafanya mmshuku sasa ina maelezo mengine.

Niandikie mara tu akipasuliwa.

Mdogo wako,
Twahiru


Mwanza
20 Novemba 1994

Dada,

Salaam nyingi. Dereva amekwenda Kigali na kurudi, akaja tena safari ya pili, mikono mitupu. Anasema alikukuta umekaa kibarazani, cherehani imefunikwa, ukamwambia, "Sina barua."

Kama mbwa amekufa, niambie, ni jambo linalotokea. Mgonjwa alikuwa dhaifu. Kama umenikasirikia kwa ile barua niliyokataa kuandika, niambie pia. Matusi yako nayapokea, kunyamaza kwako ndiko nisikokuweza.

Mdogo wako,
Twahiru


Biryogo
4 Desemba 1994

Mdogo wangu Twahiru,

Assalam alaikum. Nisamehe kwa kukunyima barua. Sikukukasirikia. Kila nikishika kalamu sikujua niandike nini, na leo najua.

Tulikwenda Kagugu kwa gari la maziwa, lile linaloleta madebe mjini asubuhi na kurudi tupu. Kado alikuwa ndani ya gunia kati ya madebe, kichwa tu nje, nimemfunika kwa kitenge. Kwenye kizuizi mwanajeshi akauliza, "Hiyo ni nini?" Nikasema, "Ni mgonjwa." Akafunua, akamwona, akanitazama mimi na hijabu yangu, akafunika tena. "Mama, Mungu akusaidie," akasema, nadhani aliniona nimepungukiwa akili. Athanasie alikuwa amekaa mbele na dereva. Nilimwambia abaki nyumbani, akakataa. "Nataka kuona yenye itatoka," alisema.

Winifred ni mwembamba kama fimbo, na anacheka haraka. Alikuwa na mlango wa mbao uliolazwa juu ya mapipa mawili, nje, chini ya turubai, na ng'ombe wanatazama. Akambonyeza Kado tumbo, akasema, "Nyabo, mama, hii mbwa yako iko na duka la nguo ndani." Akamchoma sindano ya usingizi. Mimi nilipewa chupa ya maji ya mshipa niishike juu. Sikupewa nafasi ya kukataa. Alimnyoa, akampasua katikati, akalivuta tumbo nje kama mfuko, akalizungushia vitambaa safi, akalikata. Nikadhani nitaanguka. Sikuanguka, kwa sababu ya chupa.

Vilitoka vimesokotana, vimekuwa kitu kimoja kirefu kama mkeka uliolowa. Alivivuta pole pole, huku mkono mmoja ukiwa ndani. Akaviachia kwenye beseni. Vingine bado vilikuwa na fundo. Nikaona aibu na nikaona furaha, vyote pamoja, kwa sababu ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Nikamgeukia Athanasie nimwambie, unaona, ni vitambaa tu.

Alikuwa ameinama juu ya beseni. Katikati ya vile vitambaa kulikuwa na kipande cha kijani chenye mistari myembamba myeupe. Krismasi iliyopita nilimshonea Libère shati la kitambaa hicho. Alilivaa siku ile alipotoka nyumbani asirudi. Athanasie akasema, "Ni shati ya Libère." Hakupiga kelele. Akajifuta mikono kwenye kanga, ingawa hakuwa amegusa kitu, akatoka chini ya turubai, akashuka barabara kwa miguu. Nilimwita. Nilikuwa nimeshika chupa, Twahiru, na tumbo la mbwa lilikuwa wazi.

Hakurudi Biryogo. Baadaye nikasikia yuko Kimihurura, kwa Mukantwari, mwalimu mwenzake wa zamani.

Nitakuambia ukweli: na mimi niliamini. Nilimrudisha Kado nyumbani kwa gari lile lile, na njia nzima sikumtazama. Winifred alikuwa amenipa vile vitambaa ndani ya kopo la maziwa ya unga. "Peleka nyumbani, uvitazame, usirudie kulisha hivi," alisema, maana hakujua mengine. Nikaliweka kopo nyuma ya stoo. Nikampa mbwa uji kwa kijiko, kama nilivyoelekezwa, na moyoni namchukia. Siku moja nilifungua geti wanajeshi wakipita, nikasimama pale. Walinisalimia, nikawasalimia, wakapita. Sijui nini kilinifunga mdomo. Dereva wako alipokuja, ningekuandikia nini? Kwamba nilimwuguza mbwa aliyemla mtoto niliyemshonea nguo tangu yuko darasa la kwanza?

Mwisho harufu ya kopo ikanishinda. Nikawasha moto wa takataka uani, nikalimimina lote chini ili nivisukumie motoni kwa fimbo. Kile cha kijani kikaangukia ubavu, na upande mmoja nikaona ukingo mweupe wenye herufi.

Mdogo wangu, wewe unajua matumbo, mimi najua nguo. Kila jora lina ukingo ambapo kiwanda huandika jina lake. Ukingo ule hauingii kwenye shati, wala gauni, wala pazia. Ni mgumu, unavuta kitambaa vibaya kikifuliwa. Naukata kabla sijapima kola, nautupa na vipande vyake. Tangu nilipoanza kazi hii sijawahi kumvalisha mtu ukingo.

Nilikichukua kwa mikono yangu, bila mfuko. Nikakifua kwa sabuni, kwa udongo, kwa sabuni tena. Hakikuwa na mshono hata mmoja, wala tundu la sindano. Pembeni kilikuwa kimekatwa kwa mkasi. Na kilikuwa na fundo, fundo langu mwenyewe, la kuzungusha mara mbili. Nikalifungua, ndani kulikuwa na mfupa wa mbuzi mdogo kama kucha. Nilikaa chini pale pale kwenye majivu.

Nikavaa vizuri nikaenda Kimihurura. Mukantwari alinifungulia, akasema Athanasie hataki mgeni. Nikasema mimi si mgeni, nimelala miezi chini ya dari alimojificha. Akaniachia nipite. Athanasie alikuwa kitandani amegeukia ukuta. Sikumhubiria. Nilimwekea kile kipande mkononi, nikamshika kidole nikakipitisha juu ya herufi.

"Soma, Mwalimu."

Akasoma. Zilikuwa nusu ya neno tu. Nikamweleza ukingo ni nini. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza watoto wakisema somo, bila kusaidia.

"Hii upande ya herufi haiingiaga kwa shati?"

"Haiingii. Naikata natupa."

"Ya Libère pia uliikata?"

"Na ya kila mtu. Hiki kilitoka mezani kwangu, nikakifungia mifupa, nikamtupia mbwa. Hakikuvaliwa, Mwalimu."

Akakigeuza. Akatafuta mshono kwa kucha, upande huu na upande ule, akakosa. Kisha, Twahiru, alicheka. Kicheko kibaya, chenye machozi, lakini kicheko. "Kwa hiyo ni wewe uliziba hii mbwa. Umekaribia kuiua kwa usafi wako." Nikasema ndiyo, ni mimi. Tukalia kwa muda mrefu, yeye amenishika kichwa. Tangu nilipomteremsha kutoka darini nilikuwa sijamwona akilia.

Baadaye akauliza, "Na siku tulikuwa Kimisagara?"

Ningeweza kusema uongo hapo. Nilikuwa nao tayari mdomoni. Nikamwambia ulivyoandika, kwamba tumbo lilikuwa limejaa nguo kabla hatujaondoka, kwamba kugeuza kichwa kulikuwa ugonjwa wala si shibe, na kwamba zaidi ya hapo daktari haapi.

Alikikunja kile kipande. Akasema, "Ni vizuri haapi. Wenye kuapa nimewachoka." Halafu akakaa, akatafuta viatu vyake kwa mguu. "Imekula leo?"

Nikamwambia nilimwacha na uji, sijui kama ameumaliza. Akasema mgonjwa wa tumbo haachiwi uji peke yake, akavaa viatu. Tukashuka pamoja.

Yuko kwangu sasa, chumba cha mbele. Kile kipande cha kijani amekiweka anakojua yeye, sikumwuliza. Asubuhi anaingia stoo kabla yangu. Siku ya kwanza alisimama tu. Ya pili alichuchumaa mbali na bakuli, Kado akaburuta tumbo lenye mshono mpaka kwake, akamwekea kichwa juu ya kiatu. Athanasie alikiacha pale. Jana nimerudi sokoni nikamkuta anamlisha kwa vidole, anamsemesha kwa Kifaransa, anamsahihisha. Mbwa ameanza kuziba mbavu. Nyama anaitaka sasa, anaitaka hasa, na mimi naitia kwenye sahani ya bati ipige kelele inavyopenda.

Mguu wangu umepona, au nimeusahau. Nimefunua cherehani. Wasalimie wote, na wifi mwambie nitamshonea gauni, aniletee vipimo kwa dereva.

Athanasie anakusalimia, na ana swali, nimeahidi kuliandika kama alivyolisema. Anauliza mshono huchukua muda gani kukauka kabisa, na kama maji ya vuguvugu yataudhuru. Libère alikuwa akimwogesha Kado kila Jumamosi. Amekwisha kununua sabuni.

Dada yako,
Nyirarukundo